Sergei Parajanov: Mwelekezi wa filamu ambaye jela ilishindwa kumnyamazisha

KWA muda wa miaka 15, kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1984, Sergei Parajanov hakutoa filamu kamili hata moja. Hakuwa ameishiwa na mawazo, kwani miswada ilikuwa imejaa mezani pake. Alikuwa katika umri ambao waelekezi wengi wa filamu huwa wamefikia upeo wa kazi yao. Dola ya Kisovieti ndiyo iliyokata shauri kwamba asipewe kamera tena, na ili shauri hilo litimie, ikamtia katika kambi za kazi ngumu kwa miaka minne, kisha ikamrudisha rumande mara nyingine alipodhani masaibu yake yamekwisha.

Parajanov hakuunda chama cha kisiasa wala hakuongoza maandamano. Alitengeneza filamu kuhusu wachungaji wa milimani, malenga wa kale, harusi, mazishi na makomamanga. Swali la kwa nini serikali iliyomiliki silaha za nyuklia ilimwogopa mtu wa aina hiyo ndilo linaloyafanya maisha yake yastahili kusimuliwa hata sasa, zaidi ya miaka 30 tangu afariki.

Mwana wa mwuza vitu vya kale

Parajanov alizaliwa mnamo Januari 9, 1924 katika jiji la Tbilisi, makao makuu ya Georgia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Sovieti. Wazazi wake, Iosif na Siranush, walikuwa Waarmenia. Tbilisi ya siku hizo ilikuwa jiji la mchanganyiko, ambamo Wageorgia, Waarmenia, Waazerbaijan, Warusi na Wayahudi waliishi mtaa mmoja na kusikilizana lugha. Mtoto aliyelelewa humo hakuona ajabu kusikia nyimbo za makabila matatu katika ua mmoja.

Babake alifanya biashara ya vitu vya kale. Katika nchi ambako biashara ya kibinafsi ilihesabiwa kuwa uhalifu, kazi hiyo ilimletea Iosif misukosuko na vyombo vya sheria, na zaidi ya mara moja akaonja kifungo. Hivyo basi, mwanawe alijifunza mambo mawili mapema: kwamba kitu cha zamani kina thamani na hadithi yake, na kwamba mtu anaweza kuchukuliwa nyumbani kwake wakati wowote. Mambo yote mawili yalimfuata hadi uzeeni.

Baada ya kujaribu kwa muda mfupi masomo ya uchukuzi wa reli, kijana huyo aligeukia uimbaji katika chuo cha muziki cha Tbilisi. Mnamo 1945, vita vikuu vilipomalizika, alielekea Moscow na kujiunga na chuo cha serikali cha sinema kijulikanacho kama VGIK. Huko alifunzwa na waelekezi mashuhuri kutoka Ukraine, Igor Savchenko na Oleksandr Dovzhenko.

Masomo yalikatizwa mnamo 1948 alipokamatwa Tbilisi kwa shtaka la mapenzi ya jinsia moja, tendo lililofanywa kosa la jinai na sheria ya enzi za Stalin. Alihukumiwa miaka mitano lakini akaachiliwa baada ya miezi michache kufuatia msamaha. Hata hivyo, jalada lake halikuchomwa. Lilibaki katika makabati ya polisi wa siri, likisubiri siku ya kufunguliwa tena.

Msiba mwingine ulimfika muda si mrefu. Mnamo 1950 alimwoa Nigyar Kerimova, binti wa familia ya Watatari Waislamu, ambaye alibatizwa katika Kanisa la Kiothodoksi ili ndoa hiyo ifungwe. Mwaka uliofuata, binti huyo aliuawa na jamaa zake mwenyewe. Parajanov aliondoka Moscow akiwa mjane wa umri wa miaka 27 hivi na kuhamia Kyiv, Ukraine, ambako aliajiriwa katika studio iliyokuja kuitwa kwa jina la mwalimu wake Dovzhenko. Baadaye alimwoa Svetlana Shcherbatiuk, raia wa Ukraine, wakapata mtoto wa kiume, Suren, mnamo 1958. Ndoa hiyo ilivunjika miaka michache baadaye, lakini urafiki wa wawili hao haukukatika, na barua alizomwandikia kutoka gerezani ni ushahidi.

Mtego wa studio za serikali

Ili kuelewa yaliyompata Parajanov, ni muhimu kufahamu jinsi sinema ilivyoendeshwa katika Muungano wa Sovieti. Studio zote zilikuwa mali ya serikali. Fedha, kamera, kanda, maabara za kusafishia picha na hata majumba ya kuonyeshea filamu, vyote vilikuwa mikononi mwa dola. Mwandishi wa vitabu aliyekataliwa aliweza kuandika usiku na kuficha mswada wake chini ya godoro, nao marafiki wakaunakili kwa siri. Mwelekezi wa filamu hakuwa na njia hiyo. Bila idhini ya serikali, hakuwa na chochote cha kufanyia kazi.

Idhini yenyewe ilikuwa ngazi ndefu. Mswada ulipitia kwanza kwa baraza la wahariri wa studio, kisha kwa kamati ya sinema ya jamhuri husika, halafu kwa kamati kuu ya Moscow iliyofahamika kama Goskino. Filamu ilipokamilika, ukaguzi ulianza upya. Maafisa waliweza kuipitisha, kuamuru vipande vikatwe, kutoa nakala chache tu ili isionekane na wengi, au kuiweka kwenye rafu, yaani kuifungia stoo bila kutoa sababu. Kadhalika, tangu 1934 wasanii walitakiwa kufuata mwongozo mmoja: sanaa ionyeshe maisha ya wafanyakazi kwa namna iliyo wazi, yenye matumaini na inayoutukuza ujenzi wa ujamaa.

Katika muongo wa 1950 na mwanzoni mwa ule wa 1960 Parajanov alitii. Alitengeneza filamu kadhaa za kawaida, zikiwemo Andriesh ya 1954, Kijana wa Kwanza, Rapsodia ya Ukraine na Ua juu ya Jiwe, ambazo baadhi yake zilihusu mashamba ya ushirika, vita na migodi. Hazikumletea taabu wala sifa. Baadaye yeye mwenyewe alizidharau na kuzihesabu kuwa takataka.

Kilichomwamsha ni filamu ya mwelekezi chipukizi wa Urusi, Andrei Tarkovsky, iitwayo Utoto wa Ivan, iliyotoka mnamo 1962. Parajanov alikuwa mkubwa kwa Tarkovsky kwa miaka minane, lakini hakuona haya kumtaja kijana huyo kuwa mwalimu wake. Alitambua kwamba filamu inaweza kusimuliwa kwa ndoto, kumbukumbu na taswira, si kwa hotuba. Baadaye wawili hao wakawa marafiki hadi kifo kilipowatenganisha.

Sauti kutoka milima ya Carpathia

Nafasi ya kuonyesha mabadiliko hayo ilipatikana wakati studio ya Kyiv ilipoamua kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwandishi wa Ukraine, Mykhailo Kotsiubynsky, aliyezaliwa mnamo 1864. Parajanov alipewa riwaya yake fupi, Vivuli vya Wahenga Waliosahaulika, inayosimulia mapenzi ya Ivan na Marichka, vijana wa koo mbili zilizohasimiana katika jamii ya Wahutsul, wakazi wa milima ya Carpathia.

Badala ya kuijenga milima studioni, Parajanov alihamia huko pamoja na mpigapicha wake, Yuri Ilyenko. Wanakijiji walivaa mavazi yao, wakaimba nyimbo zao na kuomboleza kwa desturi zao mbele ya kamera. Kamera yenyewe haikutulia: ilizunguka, ikakimbia msituni, na mwanzoni mwa filamu ikaanguka pamoja na mti unaomwua kaka yake Ivan. Watazamaji hawakuwa wamezoea kuona sinema ya namna hiyo kutoka katika studio za Kisovieti.

Filamu hiyo ilisifiwa katika mashindano ya nje, ikiwemo tuzo ya Mar del Plata nchini Argentina mnamo 1965. Hata hivyo, nyumbani ilizua tumbojoto. Kwa kawaida, filamu zilizotengenezwa katika jamhuri nyingine zilitiwa sauti za Kirusi kabla ya kusambazwa nchini kote. Parajanov alikataa katakata. Alishikilia kwamba lugha ya Wahutsul haiwezi kung'olewa katika filamu bila kuiua. Machoni pa wakuu wa Moscow, huo haukuwa msimamo wa kisanaa tu, bali dalili ya utaifa wa Ukraine, jambo ambalo chama tawala kililipiga vita.

Shaka hiyo iliongezeka mnamo Septemba 4, 1965, filamu ilipozinduliwa katika jumba la sinema la Ukraina, Kyiv. Mhakiki Ivan Dziuba alipanda jukwaani na, badala ya kutoa salamu za kawaida, akatangaza kwamba wasomi wa Ukraine walikuwa wakikamatwa kwa siri. Mwanahabari Vyacheslav Chornovil na mshairi Vasyl Stus waliwasihi waliohudhuria wasimame kuonyesha upinzani wao. Baadhi walisimama na wengine wakabaki vitini kwa hofu. Jina la Parajanov likafungamana na tukio hilo, na tangu hapo maafisa wa usalama hawakumwondolea macho.

Mradi wake uliofuata, Picha za Ukutani za Kyiv, ulisimamishwa mnamo 1966 ungali katika hatua za majaribio. Kilichosalia ni dakika chache za picha za kuwapima waigizaji.

Malenga aliyefutwa jina

Milango ya Kyiv ilipofungwa, Parajanov alikaribishwa Yerevan na studio ya Armenia, nchi ya wazazi wake. Alichagua kutengeneza filamu juu ya Sayat Nova, malenga wa karne ya 18 aliyetunga kwa Kiarmenia, Kigeorgia na Kiazerbaijan, akahudumu katika jumba la mfalme wa Georgia, kisha akamalizia maisha yake katika utawa.

Filamu hiyo haikuwa wasifu wa kawaida. Hakukuwa na mazungumzo kati ya wahusika, na kamera, iliyokuwa ikikimbia kule Carpathia, sasa ilitulia tuli kana kwamba inatazama michoro ya kale ya kanisani. Makomamanga yanatoa maji mekundu yanayolowesha kitambaa cheupe. Vitabu vilivyorowa vinaanikwa juu ya paa la monasteri, upepo ukizifunua kurasa zake. Kondoo wanajaa ndani ya kanisa wakati wa maziko. Mwigizaji mmoja wa Georgia, Sofiko Chiaureli, alicheza nafasi sita, ikiwemo ya malenga mwenyewe akiwa kijana na ya mpenzi wake.

Maafisa wa sinema walipoitazama walichanganyikiwa. Walilalamika kwamba mtazamaji hangejifunza chochote kuhusu maisha ya Sayat Nova, mambo ya dini yalikuwa mengi mno, na mfanyakazi wa kawaida hangeambulia kitu. Uamuzi uliotolewa ulikuwa wa kushangaza: jina la malenga liondolewe katika anwani na katika maandishi yote ya filamu. Filamu iliyokuwa imeitwa Sayat Nova ikageuzwa kuwa Rangi ya Makomamanga. Mwandishi wa Armenia, Hrant Matevosyan, alitunga maandishi mapya ya kutenganisha sura zake.

Iliponyeshwa Armenia mnamo 1969, ilikatazwa kuvuka mipaka ya jamhuri hiyo. Baadaye mwelekezi mkongwe Sergei Yutkevich aliihariri upya, akapunguza dakika kadhaa na kubadilisha mpangilio, ili ikubalike kusambazwa kwingineko. Yutkevich alidhamiria kuinusuru, lakini toleo hilo halikuwa tena lile alilolikusudia mwenyewe. Nakala zilizovuka kwenda Ulaya Magharibi ndizo zilizowafanya wapenzi wa filamu wa Paris na London waanze kuuliza Parajanov ni nani na yuko wapi.

Mdomo usiofunga breki

Wapo wasanii wengi waliovumilia udhibiti huo kwa kukaa kimya. Parajanov hakujaliwa kipaji cha kunyamaza. Mnamo 1968 alikuwa miongoni mwa raia 139 wa Ukraine, wakiwemo wanasayansi, waandishi na wasanii, waliotia sahihi barua kwa viongozi wa nchi kupinga kesi za kisiasa zilizosikilizwa kwa siri. Nyumbani kwake Kyiv, mlango ulikuwa wazi kwa kila mgeni. Chakula kilipakuliwa, zawadi zikagawiwa na maneno yakamwagwa bila kupimwa. Haikumpitikia kwamba miongoni mwa wageni wangekuwemo wapelelezi, au pengine ilimpitikia na asijali.

Mnamo Desemba 1971 alihutubia hadhira jijini Minsk, Belarus, ambapo aliwakejeli wakuu wa sinema na kueleza jinsi miswada yake ilivyokuwa ikitupwa. Maneno yake yalinukuliwa na kukabidhiwa idara ya usalama, KGB, ambayo iliyafikisha kwa uongozi wa chama. Katika kipindi hicho miswada yake ilikataliwa mmoja baada ya mwingine, ikiwemo iliyotokana na kazi za Pushkin, Lermontov na Kotsiubynsky. Pamoja na mwandishi Viktor Shklovsky alikuwa ameandaa mswada juu ya Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto kutoka Denmark. Hata huo haukufika mbele ya kamera.

Mnamo Desemba 17, 1973, Parajanov alikamatwa Kyiv. Kesi yake ilisikilizwa faraghani, na mnamo Aprili 1974 akahukumiwa miaka mitano katika kambi ya kazi ngumu. Mashtaka yalikuwa ya mapenzi ya jinsia moja, ubakaji na kueneza picha chafu. Jalada la mwaka wa 1948 lilikuwa limepata kazi. Marafiki zake, na watafiti wengi walioichunguza kesi hiyo baadaye, waliiona kuwa njama ya kisiasa iliyovishwa nguo za jinai. Mashtaka ya aina hiyo yaliifaa dola kwa sababu mbili: hayakumfanya mshtakiwa shujaa wa kisiasa, na yaliwatia majirani na wafanyakazi wenzake aibu ya kumtetea.

Hata hivyo, wapo waliothubutu. Siku chache kabla ya hukumu, Tarkovsky na Shklovsky waliandika barua kwa kamati kuu ya chama nchini Ukraine wakisema kwamba wasanii wa kiwango cha Parajanov ni wachache mno duniani, na kwamba kosa lake lilikuwa upweke wake. Barua hiyo haikubadilisha kitu.

Vifuniko vya chupa za maziwa

Parajanov alipelekwa katika kambi kadhaa za Ukraine, zikiwemo za Gubnik, Strizhavka na Perevalsk, alikoishi na wezi na wauaji. Mtu aliyefungwa kwa mashtaka kama yake alikuwa katika tabaka la chini kabisa miongoni mwa wafungwa, na maisha yake yalikuwa hatarini kila uchao. Alifagia, alifanya kazi za sulubu na afya yake ikadhoofika.

Kilichomwokoa ni mikono na masikio yake. Wafungwa waligundua kwamba mzee huyo husikiliza masaibu yao na kuwachorea picha. Yeye naye akaanza kukusanya kila kilichotupwa: vipande vya magunia, maua makavu, karatasi, nyaya. Kwa vitu hivyo alitengeneza wanasesere na picha za kubandika. Akichukua vifuniko vya karatasi ya bati vya chupa za maziwa, alivichora kwa msumari sura za watu mashuhuri hadi vikafanana na sarafu za kale. Kazi alizozifanya kifungoni zinahesabiwa kwa mamia. Mtu aliyenyimwa kanda na kamera aliendelea kutunga filamu zake kwa takataka za gereza.

Nje ya nchi, kelele ziliongezeka. Nchini Ufaransa na Italia kampeni ya kutaka aachiliwe iliungwa mkono na waelekezi wakubwa wa enzi hizo, wakiwemo François Truffaut, Jean-Luc Godard, Federico Fellini na Michelangelo Antonioni. Aliyefanikiwa kuusukuma mlango, hata hivyo, alikuwa ajuza wa Moscow. Lilya Brik, aliyekuwa kipenzi cha mshairi Vladimir Mayakovsky, alikuwa na umri wa miaka 86. Alimshawishi shemeji yake, mshairi Louis Aragon, mfuasi maarufu wa chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, amzungumzie kiongozi wa Sovieti, Leonid Brezhnev. Aragon alikutana na Brezhnev mwishoni mwa 1977 na kuliwasilisha ombi hilo. Mnamo Desemba 30 mwaka huo, Parajanov aliachiliwa, takriban mwaka mmoja kabla ya kifungo kumalizika.

Huru bila kazi

Uhuru wenyewe ulikuwa wa nusu. Hakuruhusiwa kurejea Kyiv kufanya kazi, na hakuna studio iliyothubutu kumwajiri. Alirudi Tbilisi katika nyumba ya wazazi wake, akaishi kwa kuuza vitu vyake na kwa ukarimu wa marafiki. Kuta na roshani za nyumba hiyo zilijaa picha za kubandika, kofia alizozishona na wanasesere, hata ikawa kivutio kwa wageni mashuhuri waliopita Georgia.

Mnamo Februari 1982 alikamatwa tena, mara hii kwa madai ya kutoa hongo ili mpwa wake apate nafasi chuoni. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameonekana katika ukumbi wa maigizo wa Taganka, Moscow, katika onyesho la kumkumbuka mwimbaji Vladimir Vysotsky, ambaye nyimbo zake hazikuwapendeza wakuu. Alizuiliwa katika gereza la Tbilisi kwa miezi kadhaa. Wasanii walimwombea kwa uongozi wa Georgia, na kabla ya mwaka kwisha akapewa kifungo cha nje na kurudi nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 58 na filamu yake ya mwisho ilikuwa na miaka 13.

Hatimaye, studio ya Georgia ilithubutu. Kwa ushirikiano na mwigizaji Dodo Abashidze, Parajanov alikamilisha Hekaya ya Ngome ya Suram mnamo 1984. Ni kisa cha kale cha Georgia kuhusu ukuta wa ngome unaoporomoka kila ujengwapo, hadi kijana mmoja akubali kujengewa ndani yake akiwa hai. Watazamaji waliomfahamu mwelekezi huyo hawakuhitaji kufafanuliwa kwamba alikuwa akisimulia pia juu ya dola zinazosimama juu ya miili ya vijana wao.

Mwaka uliofuata Mikhail Gorbachev alishika hatamu za uongozi. Mnamo 1986, kongamano la chama cha watengenezaji filamu liliwaondoa viongozi wa zamani na kumchagua Elem Klimov, na kamati maalumu ikaundwa kuzitoa rafuni filamu zilizofungiwa. Upepo ulikuwa umegeuka. Mwezi wa Februari 1988, Parajanov alipewa pasipoti na kusafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza, akahudhuria tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 64.

Mwaka huo huo alitoa Ashik Kerib, kutokana na hadithi iliyoandikwa na Mikhail Lermontov juu ya mwimbaji maskini anayezunguka dunia ili apate mahari. Aliitengeneza filamu hiyo kwa Kiazerbaijan. Ikumbukwe kwamba mnamo 1988 Waarmenia na Waazerbaijan walikuwa wameanza kumwaga damu kwa ajili ya eneo la Nagorno-Karabakh. Mwarmenia aliyezaliwa Georgia kuwatukuza malenga wa Azerbaijan katika mwaka kama huo ilikuwa kauli nzito. Waliomfunga walimshuku kuwa mtu wa utaifa, ilhali filamu zake nne kuu ziliheshimu mataifa manne: Ukraine, Armenia, Georgia na Azerbaijan.

Ashik Kerib ilitolewa kwa kumbukumbu ya Tarkovsky, aliyefariki uhamishoni Paris mnamo Desemba 1986. Mwishoni mwa filamu hiyo, njiwa mweupe anatua juu ya kamera.

Ungamo lisilokamilika

Parajanov alikuwa amesubiri kwa miaka mingi kutengeneza filamu juu ya utoto wake, iliyoitwa Ungamo. Mnamo 1989 alianza kuipiga picha katika nyumba ya wazazi wake Tbilisi. Kazi iliendelea kwa siku chache tu. Saratani ya mapafu ilikuwa imemwingia, na ingawa alifanyiwa upasuaji Moscow na baadaye kupelekwa Paris kutibiwa, hakupata nafuu. Alifariki Yerevan mnamo Julai 1990, akiwa na umri wa miaka 66, na kuzikwa katika makaburi ya Komitas, wanakolazwa watu mashuhuri wa Armenia. Muungano wa Sovieti wenyewe ulisambaratika mwaka mmoja na miezi mitano baadaye.

Vipande vya Ungamo vilihifadhiwa na rafiki yake, Mikhail Vartanov, katika filamu ya kumbukumbu iliyotoka mnamo 1992. Ilyenko, mpigapicha wake wa zamani, alitumia visa vya gerezani alivyosimuliwa na Parajanov kutengeneza filamu yake ya 1990 juu ya maisha ya mfungwa. Ukraine, iliyomfunga, ilimtunuku tuzo ya taifa ya Shevchenko mnamo 1991 kwa filamu ya Vivuli vya Wahenga Waliosahaulika, marehemu akiwa hawezi tena kuipokea.

Mnamo 2014, Rangi ya Makomamanga iliyofanyiwa ukarabati ili ikaribie toleo la mwelekezi mwenyewe ilionyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Mnamo 2020 mwanamuziki wa Marekani, Lady Gaga, aliiga taswira zake katika video ya wimbo wake 911, na vijana wasiowahi kusikia jina la Parajanov wakaanza kuitafuta filamu ambayo wakuu wa Moscow waliamini kwamba hakuna mtu wa kawaida angeielewa.

Sifa hizo, hata hivyo, hazilipi deni lote. Filamu iliyokatwa inaweza kushonwa upya iwapo kanda zake zipo, lakini filamu ambayo haikuruhusiwa kupigwa picha haina kanda ya kutafutwa. Andersen wa Parajanov, Pushkin wake na Kyiv yake vilibaki katika karatasi. Katika jumba la makumbusho lililofunguliwa kwa jina lake jijini Yerevan mnamo 1991, wageni huonyeshwa kazi alizozifanya katika miaka ile ya ukimya, na miongoni mwazo ni vile vifuniko vya chupa za maziwa, vikiwa na alama za msumari.